Sauti Niliyoikuta Mogitu

Baba alizikwa Jumamosi, na kufikia Jumatatu mama alikuwa hasemi.

Mwanzoni hatukushtuka. Nyumba ya msiba ina kelele zake, na mjane akikaa kimya hakuna anayemshangaa. Wanawake wa kijiji chetu cha Endagikot walikuja na kuni, wakapika makande kwenye masufuria ya kanisa, wakaimba, wakaosha vyombo, wakaondoka. Kaka zangu wakarudi kwenye kazi zao, mmoja Arusha na mwingine Geita. Mimi nilibaki. Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya sekondari pale Mbulu mjini, sikuwa nimeolewa, na kutoka shuleni hadi nyumbani ilikuwa safari fupi ya bodaboda. Nyumba ilipotulia ndipo nilipogundua kwamba tangu tutoke makaburini sikuwa nimesikia neno la mama.

Nilimwamkia asubuhi, "Shikamoo, mama," akatikisa kichwa kuitikia. Nikamwuliza kama amelala vizuri, akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama koo linamuuma. Alinitazama kwa muda, kisha akachukua chombo cha maziwa akaenda kukamua.

Si kwamba alidhoofika. Alipalilia maharage, aling'oa vitunguu saumu na kuvifunga mafungu, alifua, alipika. Kanisani aliketi mahali pake pa siku zote, wengine wakiimba, yeye akitazama mbele. Sokoni alionyesha kwa kidole. Watu waliizoea hali hiyo upesi kuliko nilivyotegemea, na baada ya miezi michache wauza ndizi walikuwa wakimhudumia bila kumwuliza kitu. Mimi sikuizoea. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa akigombana na kuku, akimweleza ng'ombe jinsi mashudu yalivyopanda bei, akimaliza sentensi za baba kwa sababu baba alichelewa kuzimaliza mwenyewe. Mkimya wa nyumba ile alikuwa baba. Niliona kama tumezika wawili.

Kwa hiyo nikaanza kumpeleka kwa madaktari. Tulianza hospitali ya karibu, wakamchungulia koo wakasema ni zima. Tukaandikiwa kwenda hospitali kubwa, mbali na nyumbani, tukalala kwa ndugu wa mbali ambaye mama alimsaidia kuchambua mchele bila kufungua mdomo. Wakampiga picha ya kichwa. Wakampima masikio. Daktari mmoja kijana alimgusa goti kwa kinyundo, mguu ukaruka, naye akafurahi kana kwamba mguu ule ndio uliotuleta. Mwisho tulipelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta la kijani. Alikaa na mama peke yao kwa muda mrefu, kisha akaniita mimi ndani na kumwomba mama asubiri nje.

"Sina jina zuri la kukupa," aliniambia. "Naweza kukuandikia jina kubwa la kitaalamu, ukirudi nyumbani utakuta ni kimya kilekile kwa lugha nyingine."

"Lakini kuna sababu," nikasema. "Kila kitu kina sababu."

"Wewe unafundisha nini?"

"Fizikia."

Akatabasamu kidogo. "Huku kwetu tunajua zaidi yale ambayo hayamsumbui mgonjwa. Koo halimsumbui. Ubongo, kwa jinsi tunavyoweza kuuona, haumsumbui. Haya mengine tunakisia, na tunakisia kwa heshima. Kaa naye. Usimlazimishe. Zungumza naye kama kawaida, hata asipojibu."

Nilitoka pale nikiwa na hasira. Nilikuwa nimefika na mama kwenye mlango wa mwisho wa elimu, na aliyefungua mlango akaniambia kwamba ndani hakuna taa. Lakini ushauri wake niliufuata kama agizo. Mwaka ule nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Dodoma kusoma shahada ya pili. Niliiacha. Nilimwambia mkuu wa shule kwamba mama hawezi kubaki peke yake, akanielewa, nafasi akapewa mwingine, na sikumwambia mama kitu. Nilidhani hivyo ndivyo mtoto anavyopaswa kufanya.

Kuhusu kuzungumza naye, nilimaliza maneno haraka. Mtu anayeongea na asiyejibu, baada ya wiki moja anaanza kujisikia mwenyewe. Nikawa natangaza habari kama redio: mvua imenyesha upande wa pili, mwalimu wa kemia amehamishwa, ndama wa jirani ameanguka shimoni. Ndipo nikafikiria hadithi.

Tangu chuoni nilikuwa napenda hadithi za kubuni za kisayansi, zile za wakati ujao na mashine ambazo bado hazijatengenezwa. Nilikuwa nimejaribu kuandika chache kwa Kiswahili ili niwasomee wanafunzi vipindi vya Ijumaa. Moja ilihusu watu waliojifunza kuvuna radi, nyingine ilihusu mji uliojengwa chini ya barafu. Wanafunzi walizipenda kuliko walivyopenda vipindi vyangu. Sasa nikaanza nyingine, na hii niliiandika kwenye simu kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Hadithi ilikuwa hivi. Katika miaka ijayo, milima ya Mbulu ina kituo kikubwa cha utafiti, kwa sababu ya baridi yake na hewa yake safi. Wataalamu wa kituo wametengeneza mashine inayovalishwa kichwani kama kofia. Inanasa wazo kabla halijawa neno, na kulitoa kwenye kipaza sauti. Wameijaribu kwa wagonjwa, kwa watoto wachanga, hata kwa mbwa, nayo haikosei. Kisha wanaletewa mwanamke asiyesema. Wanamvalisha kofia. Mtaalamu wa kwanza anasikiliza, na kinachotoka kwenye kipaza ni sauti yake yeye mtaalamu, alipokuwa mtoto, akimwita dada yake gizani. Anadhani mashine imeharibika. Wa pili anasikiliza, na anachosikia ni ugomvi wake na mume wake. Kila anayekaa mbele ya mwanamke yule anajisikia mwenyewe. Wanafungua mashine, wanaifunga, wanabadilisha nyaya, wanaandika barua kwa wenzao wa nchi za mbali. Mwanamke anakaa, amekunja mikono, anawatazama.

Nilimsomea mama Jumapili mchana, baada ya kutoka kanisani. Tulikaa upande wa nyumba unaopata jua, yeye na ungo wa maharage mapajani, mimi na simu. Nilisoma polepole, kurasa chache kila Jumapili, nyingine nikiwa nimeziandika jana yake. Mama hakuwahi kunitazama nikisoma. Lakini nilijifunza kusoma mikono yake. Sehemu ikimchosha, maharage yalikwenda haraka. Ikimgusa, mikono ilisimama juu ya ungo. Siku niliyosoma habari ya mtaalamu aliyemwita dada yake gizani, mikono ilisimama kwa muda mrefu, na siku wataalamu walipomvalisha mbwa kofia ili kuhakikisha kama mashine ni nzima, mama alicheka. Hakutoa sauti, pumzi tu zilimtoka puani, mabega yakatikisika. Nililia siku ile nilipokuwa peke yangu jikoni. Nilidhani tumekaribia.

Nikawa naandika nikifuata mikono yake. Nilikata sehemu zilizomchosha. Nilirefusha zile zilizomsimamisha. Kwa njia hiyo, nilijiambia, tunazungumza. Hadithi ilikuwa yetu sote wawili. Hakuna mtu mwingine niliyemsomea, wala sikuwahi kumtumia mtu, hata wanafunzi hawakuijua. Tatizo lilikuwa mwisho. Sikujua mwanamke yule afanywe nini. Niliandika mwisho ambao anasema neno moja na wote wanalia, nikaufuta. Niliandika mwisho ambao anakufa na siri yake, nikaufuta pia. Nilikuwa nasubiri mikono ya mama inionyeshe.

Kila likizo ya shule mama alikwenda Mogitu, wilaya ya Hanang, kwa mdogo wake aliyeolewa huko. Nilimsindikiza stendi, nikamwambia kondakta kwamba mama haongei, amshushe mahali fulani, kuna mtu atampokea. Mama mdogo alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mwenye shamba la alizeti na mbuzi wengi, na mimi nilimpenda tangu utoto. Kila baada ya siku chache nilimpigia simu.

"Mama anaendeleaje?"

"Yupo, mwanangu. Anakula, analala."

"Hajasema?"

Kila mara mama mdogo alikaa kimya kidogo hapo, kama mtu anayeangalia kwanza ili aseme ukweli. "Bado. Ni vilevile. Tumwombee tu."

Nasi tuliomba. Nilikuwa nikikata simu naendelea kuomba.

Ilikuwa likizo ya tatu ya namna hiyo, kama si ya nne, nilipokuta vidonge vya presha vya mama juu ya kabati. Alivisahau. Nilimpigia mama mdogo, simu haikupatikana. Nikapiga tena kesho yake, haikupatikana. Nikaona heri niende mwenyewe. Niliteremka na gari la asubuhi, nikabadilisha gari njiani, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimeshuka Mogitu, Mlima Hanang ukiwa umevaa wingu lake begani, nikaanza kutembea kati ya mashamba ya alizeti kuelekea kwa mama mdogo.

Nyumbani nilimkuta mkwe wake tu, binti aliyeolewa na mtoto wa mama mdogo mwaka ule. Hatukuwa tumewahi kuonana, maana sikupata ruhusa shuleni ya kuhudhuria harusi yao. Alitoka katika familia ya wafugaji wa upande wa tambarare na Kiiraqw, lugha yetu, hakukijua, kwa hiyo katika nyumba ile walizungumza naye Kiswahili. Alinipokea mfuko, akanipa kigoda, akanichotea maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa.

"Akina mama wako shambani wote wawili," aliniambia. "Wanafukuza ndege. Watarudi si muda mrefu. Wewe ndiye yule mwalimu?"

"Ndiye mimi, wifi."

Akatabasamu na kufunika mdomo. "Ile hadithi ya kofia ni ya kwako?"

Sikumwelewa. Nilidhani nimesikia vibaya. "Kofia gani?"

"Ya wataalamu. Wanaomvalisha mama kofia halafu wanajisikia wenyewe. Hata mbwa wanamvalisha." Alikuwa anacheka sasa. "Tulicheka sana na huyo mbwa. Mama mkubwa akifika kwa mbwa anafanya na sauti yake."

Niliweka kikombe chini. Nakumbuka niliweka polepole, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Nani anafanya sauti yake?"

"Mama mkubwa. Mama yako." Bado alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilianza kupoteza njia. "Anatusimulia tukipukuchua mahindi. Wanakuja hata majirani. Anasema ni hadithi ya binti yake, mwalimu, lakini mwisho ni wa kwake kwa sababu binti yake hajaumaliza."

Ningeweza kunyamaza hapo. Yeye hakuwa na kosa. Ndiyo kwanza alikuwa ameolewa, na hakuna aliyemwambia kwamba katika familia ile kuna jambo la kufichwa. Lakini nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, "Mwisho wake ni upi?"

Akanisimulia. Wataalamu wanauliza mpaka wanachoka. Siku moja mwanamke anavua kofia, anamvalisha mkubwa wao, anamwuliza, "Na wewe, kwenu amekufa nani?" Mtaalamu analia mpaka wenzake wanaogopa. Wote wanafunga mizigo wanarudi kwao, na mashine wanaiacha. Mwanamke anaiweka kofia kwenye kona ya nyumba, inafaa sana, kuku wanatagia humo.

"Halafu?" nikauliza.

"Basi. Anawaambia kuku habari zake zote."

Ulikuwa mwisho mzuri. Nilijua papo hapo kwamba ni mzuri kuliko yote niliyoifuta, na kulijua hilo kuliniumiza zaidi. Nilikuwa nimekaa Jumapili baada ya Jumapili nikitazama mikono ya mama nikisubiri kidole kimoja kinionyeshe njia. Yeye mwisho alikuwa nao. Alikuwa nao na alikuwa ameugawa Mogitu nzima, pamoja na sauti ya mbwa.

Kisha nikawasikia wakija.

Kwanza niliisikia sauti, kabla ya kuona mtu, maana njia inapita nyuma ya zizi. Ilikuwa sauti ya mama. Haikuwa imebadilika hata kidogo. Alikuwa anasema kwa Kiiraqw, haraka haraka, kwamba jirani yule amefunga mbuzi wake kwa kamba mbovu makusudi ili wale alizeti za watu, na kwamba mtu wa namna ile hata baba yake alikuwa hivyohivyo. Mama mdogo akasema kitu, mama akamkatiza, akamalizia sentensi yake. Ilikuwa ni mama yangu mzima, na umbea wake, na haraka yake. Muda ule wote nilikuwa nikiota usingizini kwamba ninaisikia sauti ile, na ndotoni kila mara ilikuwa inasema jambo kubwa. Inaniita, au inamtaja baba. Haikuwahi kusema habari za mbuzi.

Walitokea kwenye kona ya zizi. Mama akaniona. Alikuwa katikati ya neno, na neno lile alilifunga mdomoni. Niliona midomo yake ikikutana.

Nikasimama. "Shikamoo, mama," nikasema. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," mama mdogo akaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Karibu, karibu, za Mbulu, mvua vipi huko, mbona hukupiga simu?"

Mama akatikisa kichwa.

Baada ya yote niliyosikia, akatikisa kichwa, kama afanyavyo nyumbani kila asubuhi, akapita pembeni yangu akaenda kunawa.

Nilimfuata. "Mama, nimekusikia."

Alinawa mikono, akanawa uso, akajifuta kwa kanga. Hakugeuka.

"Nimekusikia kuanzia kule kwenye zizi. Mbuzi. Kamba. Nimesikia kila neno."

Alikunja kanga, akaingia ndani. Mkwe alikuwa amesimama na kikombe changu mkononi, macho yamemtoka, na nadhani ndipo alipoelewa alichokifanya. Nilimwambia asante kwa maziwa. Nikatoka nikaenda kusimama barabarani, kwa sababu ndani ya uzio ule sikujua niuweke wapi mwili wangu.

Mama mdogo alinifuata. Alikuwa amechoka kutembea, tumbo linapanda na kushuka. Hakujaribu kunidanganya tena, hilo namshukuru.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu likizo ya kwanza. Siku ya pili alipofika. Nilikuwa napika, akasimama mlangoni akaniuliza, 'Chumvi iko wapi?' Nilitaka kuanguka."

"Chumvi."

"Chumvi. Nikampa. Nikaogopa kusema kitu. Kesho yake akaniuliza habari za mbuzi. Basi, akaendelea hivyo."

"Na mimi nilikupigia simu wiki ileile. Uliniambia ni vilevile."

Aliangalia chini. "Aliniomba. Alinishika mkono akaniambia, usimwambie. Ni dada yangu, mwanangu. Mimi ningefanyaje?"

"Ungeniambia. Nimeacha masomo, mama mdogo. Nimeacha kila kitu nikakaa naye. Niliomba na wewe kwenye simu. Uliitikia amina."

"Ungekuja," akasema.

"Ningekuja, ndiyo."

"Ungekuja, naye angenyamaza na huku. Tungebaki na nini?" Alianza kulia, lakini aliendelea kusema. "Mimi niliona heri asikike mahali pamoja kuliko asisikike kokote. Kama nimekosea, nimekosea."

Sikutaka kumbembeleza. Nilirudi ndani ya uzio nikaacha vidonge vya presha juu ya kigoda. Mama alikuwa amekaa ndani, namwona miguu tu kupitia mlangoni. Niliondoka na gari la mchana. Njiani, gari likipanda kuelekea kwetu kwenye baridi, nilipitia kila Jumapili moja moja, na kila mahali nilipokuwa nimeweka furaha niliitoa. Kicheko cha pumzi. Mikono iliyosimama. Sasa nilijua kwamba hakuwa akinijibu. Alikuwa anaikariri hadithi.

Likizo ilipoisha mama alirudi Endagikot kama kawaida. Nilimpokea stendi, nikabeba mzigo wake. Sikumsomea tena hadithi. Jumapili alitoa ungo nje, akakaa mahali petu kwenye jua, mimi nikabaki ndani nasahihisha mitihani. Nilimwona kupitia dirishani akichambua maharage, taratibu, akitazama mlango mara mojamoja. Nilipata raha mbaya kumwona akisubiri. Nyumba sasa ilikuwa na watu wawili wasiosema, na kama kungekuwa na mashine ya kutupima, ingekuta hatuna ugonjwa wowote.

Niliwapigia kaka zangu. Wa Geita alishangaa kweli. Wa Arusha akasema, "Nilidhani unajua." Alikuwa amezungumza na mama mara kadhaa kwa simu ya mama mdogo. Nilimwuliza kama hata siku moja alijiuliza kwa nini mimi sijamwambia habari njema kama ile. Akasema kila mtu ana shughuli zake. Sijampigia tangu siku hiyo, yeye hunitumia salamu za sikukuu.

Hali ile haikudumu, kwa sababu mimi ndiye sikuweza kuivumilia. Asubuhi moja ya Jumamosi tulikuwa tunafunga vitunguu saumu kwa ajili ya soko, ukungu bado uko shambani, na nikamwambia bila kumtazama, "Sitakuuliza tena baada ya leo. Niambie tu kwa nini. Ukitaka nitatoka, uuambie ukuta, nisikilize nikiwa nje."

Alifunga fungu alilokuwa nalo. Akachukua jingine. Nilidhani ndiyo hivyo, imeisha.

"Sijui," akasema.

Sauti ilitoka imekwaruza, si ile ya Mogitu. Niliendelea kufunga vitunguu. Nilihisi nikigeuka tu, itakatika.

"Sijui, mwanangu. Kwako haikutoka. Nilikuwa nalitafuta neno, nakuona unalingoja. Unalingoja sana. Likawa zito."

"Na kule?"

Alifikiri. "Kule hakuna aliyekuwa ananingoja. Nilitaka chumvi tu."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia baadaye, baada ya sauti kurudi. Angeweza kutikisa kichwa, angeweza kunishika mkono, angeweza kumwacha mama mdogo aniambie. Alisema, "Niliona aibu. Kila siku iliyopita, aibu ikaongezeka." Halafu akasema, "Umekonda." Hayo ndiyo yote. Tulimaliza vitunguu, bodaboda akaja, nikaenda navyo sokoni.

Nimelifikiria sana jibu lile. Kuna siku naliamini. Kuna siku naona kwamba hata yeye alilipata shambani asubuhi ileile, kwa kuwa niliuliza na mtu akiulizwa hutafuta kitu cha kusema. Daktari wa sweta la kijani angelisikia angefurahi, lingetosha katika mojawapo ya majina yake makubwa. Mimi halinitoshi. Mtu anaweza kushindwa kusema mbele ya mtoto wake, hilo nakubali, nimeona mambo ya ajabu kuliko hilo. Lakini kuomba watu wafiche, kila likizo, na kurudi kukaa mbele yangu na ungo akinisikiliza nikibembeleza kimya chake kwa hadithi niliyoitunga kwa ajili yake, hilo silijui liitweje. Na wote walioitikia amina kwenye simu, na wote waliodhani najua.

Mwaka uliofuata mama alihamia Mogitu. Hatukugombana. Alifunga nguo zake, mama mdogo akaja kumchukua, jirani akakodishwa shamba la Endagikot, na mimi nikachukua chumba karibu na shule. Niliomba tena nafasi ya Dodoma na safari hii sikupata. Nitaomba tena.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Wifi sasa ana mtoto, mama ndiye anayembeba, na nilipofika alikuwa anamwimbia. Hakunyamaza aliponiona. Alimaliza wimbo, akaniitikia shikamoo yangu kwa sauti, akaniuliza kama Mbulu kumenyesha. Nikamwambia kumenyesha. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, ingawa sikuwa nimekula. Tukakaa. Mama mdogo alikuwa anazunguka na shughuli zake, akituangalia kwa pembe ya jicho. Mchana majirani wawili walikuja na mahindi ya kupukuchua, na mmoja akamwomba mama awaambie ile ya kofia, hajaisikia vizuri siku ile.

Mama alinitazama. "Ni yake," akamwambia yule jirani. "Mwombe yeye."

Nikasema naona gari langu litaniacha. Nikabeba mfuko, nikaaga, nikatembea kati ya alizeti hadi barabarani, na gari halikuja kwa muda mrefu sana.